Conlon Nancarrow na Mashine Yake ya Kutoboa Karatasi

Mwaka uliopita, nilipokuwa natayarisha kazi yangu ya kumaliza masomo, nilikabidhiwa katoni yenye mikanda kumi na minne ya sauti. Ndani yake walikuwamo wazee wa upande wa mama yangu, wakisimulia hadithi na kutegeana vitendawili. Walirekodiwa katika miaka ya 1970 na wote wamekwisha kufa. Mikanda yenyewe ilikuwa imetunzwa vizuri: kila mmoja katika kasha lake, na jina la msimuliaji limeandikwa juu kwa wino. Kilichokosekana ni mashine. Ofisi iliyofanya kazi ile, katika mji mwingine, ilikwisha kuuza kinasa sauti chake pamoja na vyuma chakavu, kwa sababu kilionekana hakina kazi tena. Nikaazima mashine nyingine. Ilikuwa na mwendo mmoja tu, na haukuwa mwendo wa mikanda ile. Mzee ambaye mama yangu anamkumbuka kwa sauti yake nzito akatoka akisema kama mtoto wa miaka sita aliyetumwa dukani mbio.

Kwa mtu anayetaka hadithi tu, hilo ni jambo la kuchekesha. Kwangu ulikuwa msiba. Kazi yangu inahusu toni na urefu wa irabu. Toni ya juu na ya chini bado zilisikika, maana moja hujulikana kwa kulinganishwa na nyingine. Lakini vipimo vilikuwa vimepotea: kama sijui mkanda ulikimbia kwa mwendo gani siku ya kurekodi, siwezi kusema irabu ilidumu muda gani wala sauti ilipanda kiasi gani. Nilikuwa na maneno ya wazee mikononi, na sikuweza kupima hata moja.

Ni katika majuma hayo nilipokutana na maisha ya Conlon Nancarrow. Nilikuwa nasoma habari za Simha Arom, mtaalamu aliyechunguza muziki wa pembe wa Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, watu ambao lugha za jamaa zao zinasemwa pia huku kwetu Ubangi. Kutoka kwa Arom nikafika kwa mtunzi wa muziki György Ligeti, aliyesikiliza rekodi hizo kwa mshangao. Na kutoka kwa Ligeti nikafika kwa mtu aliyekaa miaka mingi katika nyumba moja ya Mexico City akitoboa matundu kwenye karatasi. Wapenzi wasomaji, wengi wenu mtakuwa mnalisikia jina hili kwa mara ya kwanza, ingawa wanamuziki wa dunia wanalijua sana. Nataka kueleza maisha yake, na hasa maisha ya mashine yake, kwa maana naona yanatuhusu sisi wa kitivo cha lugha.

Conlon Nancarrow alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1912 katika mji wa Texarkana, jimbo la Arkansas, Marekani. Baba yake alikuwa mtu wa heshima mjini, na kwa miaka kadhaa alikuwa meya. Nyumbani mwao mlikuwa na piano ya kujipiga yenyewe, kama zilivyokuwamo katika nyumba nyingi za Marekani wakati ule. Mtoto Conlon alifundishwa piano ya kawaida akaichukia, akapenda tarumbeta. Lakini ile piano iliyopiga bila mtu kuigusa ilibaki kichwani mwake.

Hapa inafaa nieleze piano hiyo inavyofanya kazi, maana sikuielewa mara moja. Ndani yake hupita karatasi ndefu iliyoviringishwa kama jora la kitambaa dukani. Na mimi nitaiita jora. Karatasi imetobolewa matundu. Inapita juu ya mwamba wa shaba wenye vitundu vilivyopangwa safu moja, kimoja kwa kila noti. Kwa majora ya kawaida ya noti 88, vitundu hivyo ni tisa katika kila inchi. Mivukuto inavuta hewa, ama kwa kukanyagwa na miguu ama kwa mota ya umeme. Penye karatasi nzima, kitundu cha shaba kimezibwa. Tundu la karatasi linapofika juu yake, hewa inaingia, kimfuko kidogo cha kitambaa na ngozi kinabanwa, nacho kinasukuma nyundo igonge waya. Tundu refu linashikilia noti, tundu fupi linaigusa na kuiacha. Nafasi ya tundu kwa upana wa karatasi inasema ni noti gani. Nafasi yake kwa urefu inasema ni wakati gani. Kwa kifupi, jora ni maandishi: maandishi ambayo msomaji wake ni hewa.

Katika miaka ya 1920 piano hizo zilinunuliwa sana Marekani. Kisha zikaja redio na santuri, ukaja na msukosuko wa uchumi wa mwaka 1929, na biashara ile ikaanguka. Viwanda vikafungwa au vikaunganishwa, na mashine za kutobolea majora zikakaa kona za karakana zikishika vumbi.

Baba hakutaka mwanawe awe mwanamuziki. Alimpeleka kusomea uinjinia katika chuo cha Vanderbilt, kijana akaacha upesi. Akaenda kusoma muziki Cincinnati, akahamia Boston mwaka 1934, akafundishwa na walimu mashuhuri kama Roger Sessions, Walter Piston na Nicolas Slonimsky. Alipiga jazi kwa tarumbeta ili apate chakula. Huko Boston pia alijiunga na chama cha kikomunisti. Mwaka 1937 alikwenda Hispania kupigana na jeshi la Franco, katika kikosi cha Wamarekani wa kujitolea kilichoitwa kwa jina la Abraham Lincoln. Upande wake ulishindwa. Alirudi mwaka 1939 akiwa mzima, lakini akiwa mtu wa kushukiwa: alipoomba pasipoti alinyimwa kwa sababu ya siasa zake. Mwaka 1940 akahamia Meksiko, ambako Mmarekani aliweza kuingia bila pasipoti. Akakaa huko, akapata uraia katika miaka ya 1950, na huko ndiko alikozikwa umaarufu wake kwa miaka mingi kabla haujafufuka.

Shida yake ya muziki ilianza mapema. Alipenda midundo inayokwenda kwa miendo tofauti kwa wakati mmoja: sauti moja inapiga tatu wakati nyingine inapiga nne na nyingine tano, na kila moja inashika njia yake bila kumngoja mwenzake. Msomaji aliyewahi kusimama karibu na ngoma zetu kijijini hatashangaa. Lakini wanamuziki wa Marekani wa wakati ule walishindwa kuipiga. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 kipande chake cha vyombo saba kilipigwa New York, na wapigaji wakapoteana kabisa. Yeye mwenyewe hakuwa na orkestra wala fedha ya mazoezi, na alikuwa mbali, katika nchi ambayo alikuwa bado mgeni.

Jibu alilipata kitabuni. Mtunzi Henry Cowell alikuwa ametoa kitabu mwaka 1930 juu ya njia mpya za muziki, na humo aligusia kwamba midundo migumu kuliko uwezo wa vidole ingeweza kutobolewa kwenye jora la piano ya kujipiga. Cowell aliligusia wazo hilo akaendelea na mengine. Nancarrow alilichukua akaishi nalo maisha yake yote.

Mwaka 1947, alipopata urithi wa familia, alisafiri hadi New York kutafuta vitu viwili: piano na mashine ya kutobolea. Piano ilipatikana, ya aina ya Ampico. Mashine ndiyo ilikuwa kazi, maana hakuna duka lililouza kitu kama hicho. Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye napenda tumkumbuke: J. Lawrence Cook. Cook alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1899 katika jimbo la Tennessee. Tangu miaka ya 1920 alifanya kazi na kampuni ya QRS, na mpaka kufa kwake mwaka 1976 alikuwa ametayarisha majora kwa maelfu. Nyimbo nyingi za jazi ambazo Wamarekani walizisikia kutoka piano zao za nyumbani zilipita mikononi mwake, ingawa wasikilizaji wengi hawakujua hata jina lake. Nancarrow alimtembelea, akaonyeshwa mashine yake ya kutobolea. Kisha akampata fundi wa chuma aliyemtengenezea nyingine kwa mfano wa ile.

Nimelifikiria sana tendo hilo la Cook. Angeweza kuificha mashine yake kama siri ya kazi. Aliionyesha kwa mgeni aliyetoka Meksiko na wazo ambalo halikuwa na soko. Kama asingekuwa ameitunza, au kama angemfungia mlango, sidhani kama leo tungekuwa na chochote cha kusimulia. Muziki mzima wa Nancarrow ulipitia katika tundu hilo dogo: mashine ya zamani iliyokuwa bado nzima, na fundi aliyekuwa tayari kuionyesha.

Nancarrow alirudi Mexico City na mashine yake, akaanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1940. Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza alichora mistari ya muda kwenye karatasi tupu, kwa vipimo alivyovikata mwenyewe, kila mwendo na kipimo chake. Kisha aliandika noti zake kwa penseli kama ramani ya kutobolea. Kisha alikaa mbele ya mashine, akasogeza, akalenga, akabonyeza: tundu moja. Akasogeza tena. Noti ndefu ilihitaji matundu mengi yaliyofuatana. Muziki wa dakika tano au sita uliweza kumchukua miezi mingi. Alipomaliza ndipo aliposikia kwa masikio yale aliyokuwa amesikia kwa akili tu. Piano zake, maana baadaye alikuwa na mbili, alizibadilisha pia: nyundo za moja alizivika chuma na za nyingine ngozi, ili kila noti isikike kali na wazi hata zinapofuatana kwa mamia. Alijaribu pia kutengeneza ngoma za kupigwa na hewa kwa njia hiyo hiyo, lakini hazikufanya kazi vizuri, akaziacha.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Mashine ya kwanza ilisogea kwa meno, kama msumeno: kutoka jino hadi jino kulikuwa na nafasi moja isiyobadilika. Kwa hiyo kila mdundo ulilazimika kukaa juu ya jino fulani. Kilichokuwa katikati ya meno mawili hakikuweza kuandikwa. Baadaye Nancarrow aliibadilisha mashine ili isogee bila kushikwa na meno, tundu likae popote alipotaka. Kuanzia hapo muziki wake ukabadilika. Tunzo zake alizipa jina la mazoezi na namba tu, na yamekaribia hamsini. Katika namba 21, sauti mbili zinaanza moja polepole na nyingine mbio. Ya polepole inazidisha mwendo na ya mbio inapunguza, mpaka zinakutana katikati na kupishana kama mikono ya herufi X. Katika namba 33, miendo miwili inalingana kama mzizi wa mbili na mbili, uwiano ambao hauandikiki kwa sehemu yoyote kamili. Katika namba 37, sauti kumi na mbili zinafuatana, kila moja na mwendo wake.

Mtu anayesikiliza santuri tu atasema mtunzi alikua, akapata mawazo makubwa zaidi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Anayeiona mashine anaelewa kwamba mtunzi aligombana na meno ya chuma, na siku alipoyaondoa mlango ukafunguka. Sisi wanafunzi wa lugha tunaujua ugomvi huo. Tukiandika lugha ya toni kwa tahajia isiyo na alama za toni, kila neno linalazimika kukaa juu ya jino la herufi tulizonazo. Kilicho katikati kinapotea. Mtu atakayesoma maandishi hayo baada ya miaka mia, bila kujua tahajia ilitengenezwaje, atadhani lugha yenyewe ilikuwa maskini. Ndiyo maana anayechunguza maandishi hana budi kuchunguza pia chombo kilichoyaandika.

Kwa miaka mingi karibu hakuna aliyesikia muziki huo. Zoezi lake la kwanza lilichapishwa mapema katika miaka ya 1950, kwa msaada wa mtunzi Elliott Carter. Mwaka 1960 Merce Cunningham alitunga dansi juu ya baadhi ya kazi zake. Mwaka 1962 alibebesha piano zake hadi jumba la Bellas Artes mjini Mexico City akafanya onyesho; waliokuja walikuwa wachache, wengi wao marafiki, na baada ya hapo akarudi karakanani kwake. Santuri ya kwanza ilitoka mwaka 1969. Kisha, kuanzia mwaka 1977, Charles Amirkhanian alisimamia rekodi mpya kwa kampuni ndogo ya Berkeley, zikirekodiwa katika karakana yenyewe, kwa piano zenyewe.

Santuri hizo ndizo Ligeti alizozikuta Paris mwaka 1980. Alizisikiliza, akaandika barua akimweka Nancarrow miongoni mwa watunzi wakubwa kabisa wa karne yake. Miaka miwili baadaye Ligeti huyo huyo alisikilizishwa na mwanafunzi wake rekodi za Wabanda-Linda, ambao kila pembe yao inapiga noti yake tu na kuingia kwa zamu yake kamili, na wote kwa pamoja wanatoa kitambaa kimoja cha sauti. Kutokana na mambo hayo mawili, pembe za Afrika ya Kati na majora ya Mexico City, Ligeti alipata njia mpya ya kuandika kwa piano, na kitabu cha kwanza cha mazoezi yake kilikamilika mwaka 1985. Nilipoyasoma haya nilifurahi, nakiri. Wazee wa Banda hawakuhitaji mashine wala karatasi. Ufundi wao ulikuwa katika kumbukumbu na pumzi. Lakini walikutana na mtu wa majora katika kichwa kimoja.

Mwaka 1982 Nancarrow, akikaribia umri wa miaka 70, alipewa tuzo ya MacArthur, dola 300,000 kwa miaka mitano. Akaanza kualikwa Marekani na Ulaya. Akafikiria hata kurudi kuishi Marekani. Aliambiwa kwamba ili aruhusiwe lazima atie sahihi karatasi ya kuikana siasa ya ujana wake. Alikataa, akabaki Meksiko na mkewe Yoko, mtafiti wa mambo ya kale, na mwana wao. Mtu aliyetumia maisha yake kutoboa karatasi alijua uzito wa karatasi.

Ndipo likaja swali la kuhifadhi. Majora mengi yalikuwa moja moja tu, yaliyotobolewa kwa mkono, bila nakala. Karatasi ya namna hiyo inakauka na kuvunjika kingoni. Mipira ya mabomba ya hewa inakuwa migumu, vitambaa vya vimfuko vinaoza, ngozi inapasuka. Kila mara jora linapopigwa, linachakaa kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Trimpin, msanii na fundi mzaliwa wa Ujerumani anayefanya kazi Seattle, alitengeneza chombo cha kuyasoma majora na kuyaingiza katika kompyuta. Mjerumani mwingine, Jürgen Hocker, alitayarisha piano kubwa yenye mtambo wa Ampico, akauzungusha muziki huo katika kumbi za Ulaya, mwenyewe Nancarrow akiwapo mara kadhaa. Nancarrow alifariki Mexico City tarehe 10 Agosti 1997, akiwa na miaka 84. Vitu vya karakana yake, yaani majora, piano, maktaba, hati na vifaa vyake, sasa vimo katika taasisi ya Paul Sacher mjini Basel, Uswisi, taasisi inayokusanya hati za watunzi wa karne ya ishirini.

Mtu anaweza kuuliza: kama majora yamekwisha kuingia katika kompyuta, kwa nini kulipia chumba, ulinzi na hewa isiyo na unyevu kwa ajili ya mashine ya chuma isiyotoboa tena? Nilimwuliza mwenzangu mmoja swali hilo tukiwa tumekaa nje ya maktaba, akanijibu kwamba ni ushabiki wa matajiri. Sikubaliani naye. Kompyuta imehifadhi mahali lilipo kila tundu. Haikuhifadhi kwa nini liko hapo. Mashine inaonyesha hatua yake ya kusogea, upana wa chuma chake cha kutobolea, urefu mfupi kabisa unaowezekana wa noti, na mabadiliko yaliyofanywa juu yake mwaka hata mwaka. Ukikuta katika jora kosa dogo la nafasi, mashine ndiyo itakayokuambia kama mtunzi alikusudia au meno yaliteleza. Shahidi huyo akiuzwa kwa kilo, hakuna wa kuulizwa tena.

Hata hivyo kuhifadhi mashine si kuifungia kabatini tu. Mafundi wa vyombo hivi wana mvutano ambao haujaisha. Piano ya kujipiga haiwezi kulia kama mipira na vitambaa vyake vya zamani havikubadilishwa; lakini ukivibadilisha umeondoa ushahidi. Chuma cha kutobolea kikipoteza makali kinachana karatasi badala ya kuikata. Ukikinoa, umebadilisha kipimo chake. Wenye busara hupima kwanza, hupiga picha, huandika, hutunza kipande kilichotolewa, na ndipo hutengeneza. Na pale inapowezekana hutengeneza nakala ya mashine ili ya asili ipumzike, kama alivyofanya Nancarrow mwenyewe kwa mashine ya Cook: ya mwenyewe ilibaki kwa mwenyewe, na mfano wake ukaenda kufanya kazi mahali pengine.

Narudi kwenye mikanda yangu. Katika mtaa wetu anakaa mzee mmoja, fundi wa redio mstaafu. Nilimpelekea mkanda wa kwanza na mashine ya kuazima. Alisikiliza kidogo, akaniomba ninyamaze, akainamisha kichwa. Hakuwa anasikiliza hadithi. Alikuwa anasikiliza mvumo mdogo wa umeme ulioingia siku ya kurekodi. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde. Kwenye mashine ile mvumo ulikuwa umepanda mara mbili. Akaniambia kwamba aina ya kinasa sauti kilichotumiwa na ofisi ile anaikumbuka, kwa sababu aliwahi kuitengeneza, na kwamba mwendo wake ulikuwa nusu ya huu. Tukaingiza sauti katika kompyuta, tukaupunguza mwendo kwa nusu. Mzee wa upande wa mama akarudi na sauti yake nzito. Mama aliposikia alitoka nje ya nyumba, akakaa kwanza chini ya mwembe kabla hajarudi kusikiliza.

Mikanda tisa tuliipata kwa njia hiyo. Mitano iliyobaki ilirekodiwa kijijini kwa betri, bila mvumo wowote wa umeme, na kwa hiyo haina kipimo ndani yake. Hiyo ingehitaji mashine yenyewe, ili tuujue mwendo wake halisi na jinsi ulivyolegea betri zilipochoka. Mashine imekwisha kuyeyushwa pahali fulani. Katika kazi yangu nimeyaandika maneno ya mikanda hiyo mitano, lakini safu za vipimo vyake nimeziacha wazi.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa walimu wetu na kwa wanafunzi wenzangu. Tunapokusanya rekodi, tuandike kando yake ni mashine gani ilitumika, kwa mwendo gani, kwa umeme au kwa betri, na nani aliishika. Tunapotaka kutupa chombo cha zamani, tumwite kwanza fundi anayekijua, akieleze tukiandika. Mimi nimeanza: kila Jumamosi asubuhi naenda kwa yule mzee na daftari, naye ananieleza jina na kazi ya kila kipande. Kwa Kiswahili cha mafundi wa Lubumbashi, vipande hivyo vina majina ambayo sijawahi kuyaona katika kamusi yoyote. Daftari la kwanza limekwisha kujaa.